Fedha Inayovuliwa: Mapambo ya Torati na Namna Yetu ya Kuyasoma

Zipo sura katika kitabu cha Kutoka ambazo wahubiri wengi huzipita mbio. Mtu akiisha kuvuka Bahari ya Shamu pamoja na Israeli, akasimama chini ya Sinai na kuzisikia Amri Kumi, huona kwamba safari imekwisha. Sura ya 25 hadi ya 31 humwonekea kama orodha ya fundi: dhiraa, vitanzi, vikuku, nyuzi za rangi ya samawi, makomamanga na njuga. Wanafunzi wetu nao, tunapowataka waandike ufafanuzi wa Kutoka 28, hutuletea mojawapo ya majibu mawili. Wa kwanza husema kwamba mambo hayo yalipita pamoja na hema ya kukutania. Wa pili, ambaye ndiye mwenye bidii zaidi, hukipa kila kitu maana yake kama mtu asomaye kamusi: njuga ni mahubiri, komamanga ni kanisa lenye washirika wengi ndani ya ganda moja, dhahabu ni uungu, fedha ni ukombozi. Huyu wa pili ana mababu wenye heshima. Yustino Mfia-imani, katika majadiliano yake na Trifo yaliyoandikwa karne ya 2, alikwisha kusema kwamba njuga kumi na mbili za joho la kuhani mkuu ni mitume kumi na wawili. Jambo moja lilimponyoka: Maandiko hayasemi popote kwamba njuga zilikuwa kumi na mbili. Hayakutaja hesabu yake kabisa.

Katika makala hii twapenda kuitazama sura hiyo kwa njia nyingine, yaani kwa kupitia vyombo vya fedha ambavyo Wayahudi wa Ulaya walivitumia katika masinagogi na nyumba zao tangu mwisho wa zama za kati mpaka karne ya 19. Tunayo sababu mbili. Vyombo hivyo ni ufafanuzi wa Maandiko, ufafanuzi ulioandikwa kwa nyundo badala ya kalamu, nao una mengi ya kutufunza sisi tunaoshinda tukiwinda maana za ishara. Sababu ya pili ni nzito zaidi: sisi Walutheri tunahusika na fedha hiyo kuliko tunavyodhani.

Tuanze na jambo lililo wazi. Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa mwaka 70. Tangu siku hiyo hakuna madhabahu, hakuna kuhani mkuu anayeingia patakatifu, wala hakuna anayevaa yale mavazi yaliyoelezwa kwa uangalifu mkubwa katika Kutoka 28. Mavazi hayo yalikwenda wapi? Mtu akiingia katika sinagogi la desturi ya Ulaya ya kati, na kabati takatifu likafunguliwa, jibu lake atalikuta limesimama mbele yake. Gombo la Torati limevikwa joho, limefungwa mshipi, limetundikwa bamba la fedha kifuani, na kichwani lina taji, au makomamanga mawili ya fedha yaliyochomekwa juu ya fimbo zake mbili. Makomamanga hayo yana vijikengele, hata gombo linapobebwa kupita katikati ya watu sauti yake husikika, kama njuga za Haruni zilivyopaswa kusikika alipoingia mbele za Bwana. Gombo limevikwa kama Haruni. Hapakuhitajika risala ya kueleza jambo hilo. Kila mtoto aliyesimama karibu na njia alilisikia.

Desturi hiyo ni ya zamani. Musa bin Maimoni, aliyeishi Misri katika karne ya 12, anayataja makomamanga ya fedha na ya dhahabu katika kitabu chake kikuu cha sheria, akiamua kwamba ni vyombo vya utakatifu: si halali kuvigeuza kwa matumizi ya kawaida, isipokuwa kuviuza ili kununua gombo lingine au kitabu cha Torati. Makomamanga ya zamani zaidi yanayojulikana hadi leo ni ya karne ya 15, yaliyotoka Cammarata katika kisiwa cha Sicily. Hayako katika sinagogi wala katika makumbusho ya Wayahudi. Yamo katika hazina ya kanisa kuu la Palma huko Mallorca, ambako yalitumika kama vichwa vya fimbo za maandamano ya Kikristo. Tunaomba msomaji asiyasahau hayo, maana tutarudi kwenye habari ya fedha kuhama mikono.

Marabi waliutafutia upambaji huu msingi katika wimbo wa Musa, Kutoka 15:2, pale ambapo neno la Kiebrania laweza kuchukuliwa kuwa na maana ya kumpamba Mungu. Wakauliza: je, mwanadamu aweza kumpamba Muumba wake? Wakajibu kwamba aweza kuzipamba amri zake: afanye kibanda kizuri wakati wa Sikukuu ya Vibanda, awe na baragumu nzuri, aandikiwe gombo zuri kwa wino mzuri na mwandishi stadi, kisha alizungushie hariri. Hayo yamo katika Talmudi, katika sehemu iitwayo Shabbat. Mahali pengine Talmudi hiyo hiyo yaweka mpaka: mtu na aongeze gharama kwa ajili ya uzuri wa amri mpaka theluthi moja. Sisi tuliowahi kukaa katika kamati za ujenzi wa makanisa twajua faida ya kuwa na mpaka wa namna hiyo.

Sasa tusimame mbele ya ngao ya Torati ya aina iliyofuliwa Augsburg, Ujerumani, katika karne ya 18. Ziko nyingi zinazofanana, na msomaji akibahatika kufika katika Jewish Museum ya New York au Israel Museum ya Yerusalemu ataona mifano yake. Ni bamba la fedha lenye kimo cha kama shibiri moja na nusu, linaloning'inia kwa mkufu. Juu kabisa lipo taji. Kushoto na kulia zimesimama nguzo mbili. Simba wawili wameinuka kwa miguu ya nyuma, wakilishika taji au mbao za Amri. Katika baadhi ya ngao wamo Musa na Haruni, huyu na mbao zake, yule na chetezo chake. Pembeni yamejaa majani yaliyojikunja na makombe ya bahari, kama ulivyopenda mtindo wa wakati ule. Chini vinacheza vijikengele. Na katikati kabisa kipo kijisanduku chenye dirisha, na ndani yake vibao vyembamba vya fedha vilivyoandikwa kwa Kiebrania: Sabato, Mwezi Mwandamo, Pasaka, Siku ya Upatanisho.

Msomaji wa kamusi atafurahi sana hapa. Simba ni Yuda, Mwanzo 49:9. Nguzo ni Yakini na Boazi, 1 Wafalme 7. Taji ni taji la Torati, mojawapo ya yale matatu ambayo mafundisho ya mababa wa Kiyahudi huyahesabu, la Torati, la ukuhani na la ufalme, kisha yakaongeza kwamba taji la jina jema hupita yote. Akimwona chui, tai na paa pamoja na simba, atakumbuka shauri la kale la kutenda mapenzi ya Baba aliye mbinguni kwa ujasiri, wepesi, mbio na nguvu za wanyama hao wanne. Yote hayo ni kweli, nasi hatukatai hata moja. Lakini msomaji huyo amemaliza kazi yake bila kuuliza ngao hii inafanya nini.

Sinagogi lenye uwezo huwa na magombo kadhaa, kwa maana kulizungusha gombo moja kutoka Mwanzo hadi Hesabu mbele ya watu wanaongoja ni kuwachosha. Siku ya sikukuu husomwa mahali pawili au patatu. Kwa hiyo kila gombo huandaliwa mapema mahali pake, na kibao kilichomo katika kijisanduku humjulisha mhudumu ni gombo lipi la somo lipi. Kwa lugha ya kwetu, ngao hii ni ndugu wa ule ubao wa namba za nyimbo ulioko ukutani karibu na mimbari. Simba wale, nguzo zile, taji lile na Haruni mwenyewe wamekusanyika kukizunguka kibao kidogo kinachosema: leo tunasoma hapa. Ndiyo maana twashikilia kwamba maana ya pambo haipatikani kwa kulitenga na kulitafutia tafsiri, bali kwa kuitazama kazi ya chombo ambacho pambo hilo linakitumikia.

Tukiisha kuelewa hivyo, twaweza pia kuhukumu. Si kila ngao ni njema. Katika ngao nyingi za baadaye kijisanduku kimetoweka kabisa, au kimebaki na kibao kimoja kisichotoka, huku simba wakizidi kunenepa na taji likizidi kupanda. Fundi ni stadi, fedha ni nzito, majina ya waliotoa yamechongwa kwa herufi kubwa. Lakini ngao haisemi tena kitu. Imekuwa nishani kifuani pa gombo. Hapo sanaa imeshindwa, na imeshindwa kwa sababu ile ile inayoifanya madhabahu nyingine zetu zionekane kama sebule ya tajiri. Wayahudi wenyewe waliijua hatari hiyo. Katika karne ya 13 Rabi Meir wa Rothenburg aliulizwa juu ya vitabu vya sala vilivyochorwa wanyama na ndege. Hakusema kwamba ni sanamu zilizokatazwa. Alisema si vyema, kwa sababu anayesali huzitazama picha na moyo wake usimwelekee Baba yake. Mlutheri aliyefundishwa habari za adiafora katika Kanuni ya Mapatano hatapata shida kumwelewa rabi huyu.

Tuzirudie nguzo kidogo, kwa kuwa zinatufundisha kutokuwa wepesi wa kusema, hii ni ishara ya Kiebrania safi. Kitabu cha Wafalme chasema kwamba Hiramu wa Tiro alizisubu kwa shaba, na juu yake akatia taji zenye kazi ya mayungiyungi na safu za makomamanga. Hakisemi kwamba zilisokotwa. Lakini katika ngao nyingi nguzo zimesokotwa kama kamba, na mara nyingine zimezungukwa na mzabibu. Msokoto huo ulitoka wapi? Katika kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma kulikuwa na nguzo za marumaru za namna hiyo, ambazo mapokeo ya Wakristo yalidai kuwa zililetwa kutoka Hekalu la Sulemani. Na Bernini alifuata umbo hilo alipojenga ile kanopi kubwa ya shaba juu ya madhabahu katika miaka ya 1620 na 1630. Kutoka Roma umbo hilo lilienea katika kurasa za kwanza za vitabu, katika samani na katika fedha. Basi hekalu la Yerusalemu liliwarudia Wayahudi kwa njia ya Roma, likiwa limebadilishiwa nguzo.

Vivyo hivyo yule tai mwenye vichwa viwili. Wapo wanaopenda kumweleza kwa Kumbukumbu la Torati 32:11, mahali ambapo Mungu anafananishwa na tai ataharakishaye kiota chake. Ufafanuzi huo ni mzuri, ila tai wa Musa alikuwa na kichwa kimoja. Huyu wa vichwa viwili ni tai wa milki: wa Kaisari wa nyumba ya Habsburg, na upande wa mashariki, wa Urusi. Jumuiya iliyokaa kwa hisani ya mtawala iliweka alama yake juu ya kitakatifu chake ili kuonyesha utii na kuomba ulinzi. Hatuoni sababu ya kuificha maana hiyo ya kidunia kwa aya nzuri. Hofu ya watu wanyonge nayo ni sehemu ya historia ya ibada.

Hapo tunafika kwenye swali ambalo msomaji wa kamusi haulizi kamwe: ni mkono wa nani uliofua fedha hii? Ukilitazama bamba kwa makini, karibu na ukingo utaona chapa mbili ndogo. Moja ni herufi za jina la fundi. Nyingine ni tunda la msonobari, ambalo ni alama ya mji wa Augsburg. Sasa Wayahudi walifukuzwa Augsburg kati ya mwaka 1438 na 1440. Waliishi katika vijiji vya jirani, kama Kriegshaber na Pfersee, nao katika sehemu kubwa ya Ujerumani hawakuruhusiwa kuingia katika vyama vya mafundi. Na asiyekuwa wa chama hakuruhusiwa kufua fedha. Kwa hiyo aliyetaka ngao ya Torati alimwendea fundi Mkristo. Huko Frankfurt, ambako Wayahudi walifungiwa katika mtaa mmoja tangu 1462, ndugu wawili Johann Valentin na Johann Michael Schüler walifua vyombo vingi vya Kiyahudi, nao walikuwa Wakristo. Katika Augsburg, mji uliogawanywa kisheria sawasawa kati ya Walutheri na Wakatoliki tangu 1648, mafundi walitoka pande zote mbili.

Ni Augsburg ile ile. Tarehe 25 Juni 1530 ulisomwa humo ule Ungamo ambao kila mchungaji wetu huapa kuufuata siku ya kubarikiwa kwake. Katika mji wa Ungamo letu, Wakristo walikaa na nyundo wakichonga herufi za Kiebrania ambazo hawakuweza kuzisoma, na ndiyo maana mara nyingine herufi zimekosewa, dalethi ikawa reshi. Katika Yemen mambo yalikuwa kinyume: huko Wayahudi ndio walioshika kazi ya kufua fedha, wakiwatengenezea majirani wao Waislamu mapambo. Mfua fedha, tangu Demetrio wa Efeso, amekuwa mtu wa kuuza kwa wenye kununua. Hata hivyo hatuwezi kuamini kwamba mtu alimchonga Haruni kwa majuma kadhaa, nywele baada ya nywele, bila kuuliza ni kwa ajili ya nani.

Chombo kinachoonyesha ujirani huu kuliko vyote ni kisanduku cha manukato. Sabato ikitoka, jioni ya Jumamosi, Myahudi hubariki divai, manukato na mwanga. Manukato yenyewe mara nyingi ni karafuu, ile ile tuijuayo sisi tunaokaa karibu na Zanzibar. Harufu yake, kwa mapokeo, huiburudisha nafsi inapoachana na ile nafsi ya ziada ambayo mtu hupewa kwa siku hiyo moja. Ajabu ni umbo la kisanduku. Huko Ujerumani kilifanywa mnara: msingi, shina, chumba chenye madirisha na mlango mdogo, paa lililochongoka, na juu yake bendera. Kimoja cha Frankfurt, cha mwaka 1550 hivi, kilichotengenezwa upya mwaka 1651, kimo katika Jewish Museum ya New York. Mtu asiyejua angedhani ni kimojawapo cha vyombo vya kanisa la Gothiki. Wengine wameeleza kwamba manukato, yakiwa mali ya thamani, yaliwekwa katika minara ya miji. Wengine hutaja Wimbo Ulio Bora 5:13, ambapo Kiebrania chaweza kusomwa kuwa minara ya manukato. Sisi twaona jambo jepesi zaidi: fundi alitengeneza alichojua kutengeneza, na mnunuzi akakipokea akakitia karafuu. Umbo lilikuwa la kanisa. Baraka iliyosomwa juu yake ilikuwa ya Sabato. Hakuna aliyechafuka.

Taa ya Hanukka nayo ingestahili makala yake. Tutaje mawili tu. Juu ya baadhi ya taa hizo amesimama Yudithi ameshika upanga na kichwa cha Holoferne, mwanamke wa kitabu ambacho hakimo katika kanuni ya Kiebrania, wala katika kanuni yetu isipokuwa kama Apokrifa. Tena taa hiyo ina mianga minane, na mmoja wa kuwashia. Talmudi ilikataza kutengeneza kinara mfano kamili wa kile cha Hekalu chenye matawi saba. Siku hizi, tunapokiona kinara cha matawi saba na baragumu ya pembe vikipamba majukwaa ya mahubiri hapa kwetu, na wahubiri wakivisifia kuwa vina nguvu za Yerusalemu, si vibaya kukumbuka kwamba wenyewe walikuwa na uangalifu zaidi.

Tumesema kuhusu ngao, nguzo, tai na mnara. Lakini lililo kubwa zaidi katika mapambo haya halionekani katika picha yoyote ya makumbusho, kwa sababu si kitu bali ni tendo. Gombo likiisha kufikishwa mezani, makomamanga huondolewa. Taji huondolewa. Ngao huvuliwa, kisha joho, kisha mshipi hufunguliwa. Fedha yote huwekwa kando. Kinachobaki ni ngozi na wino mweusi, herufi zisizo na irabu, bila picha, bila rangi, bila ua hata moja. Na ndani hairuhusiwi pambo. Mapokeo ya marabi yanasimulia habari za gombo la watu wa Iskanderia, ambalo kila jina la Mungu ndani yake liliandikwa kwa dhahabu. Wenye hekima waliamua kwamba gombo hilo lisisomwe, lifichwe. Chombo kimoja tu cha fedha hukaribia maandishi, nacho ni ule mkono mdogo wenye kidole kimoja kilichonyooshwa, uitwao yad, ambao msomaji hufuata nao mistari ili mkono wa nyama usiiguse ngozi. Nao huelekeza, haukwaruzi.

Sisi tuliolelewa kusema kwamba Neno peke yake latosha, tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa tendo hilo. Lakini sivyo ilivyokuwa, na hapa ndipo makala hii inapotuwia ngumu kuiandika.

Martin Luther hakuwa mvunja sanamu. Mwezi Machi 1522 alirudi kutoka Wartburg na kuhubiri Wittenberg siku nane mfululizo, akiwakemea wale waliotaka kuziharibu picha na madhabahu kwa nguvu. Alifundisha kwamba Neno likihubiriwa, sanamu zitaanguka zenyewe mioyoni. Mwaka uliofuata aliandika kijitabu cha kuwakumbusha Wakristo kwamba Yesu alizaliwa Myahudi. Lakini mwaka 1543, akiwa mzee, aliandika kitabu kingine dhidi ya Wayahudi, na humo akawapa watawala mashauri: masinagogi yao yachomwe, nyumba zao zibomolewe, vitabu vyao vya sala na Talmudi wanyang'anywe, marabi wao wakatazwe kufundisha, na fedha zao zote na hazina ya fedha na dhahabu zichukuliwe kwao. Wanafunzi wengi humaliza chuo bila kuambiwa kwamba shauri hilo la fedha limo. Sisi wenyewe tulimaliza bila kuambiwa.

Hatusemi kwamba yaliyotokea Ujerumani miaka karibu mia nne baadaye yalitokana na kitabu hicho peke yake. Historia haiendi kwa mstari mnyoofu namna hiyo. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1938, siku ya kuzaliwa kwa Luther, masinagogi yaliteketezwa Ujerumani kote, na Martin Sasse, askofu wa Kilutheri wa Thuringia, akatoa kijitabu cha maneno ya Luther huku akishangilia kwamba masinagogi yanawaka siku hiyo. Tarehe 21 Februari 1939 serikali ilitoa amri kwamba Wayahudi wapeleke vyombo vyao vya dhahabu na fedha katika ofisi za rehani za miji, wakiachiwa pete ya ndoa na vijiko vichache. Vikombe vya Sabato na visanduku vya manukato vilipimwa kwa uzito. Shauri la sita la mwaka 1543 lilikuwa limepata karani na mizani. Na fedha iliyotiwa katika tanuru haina simba wala nguzo.

Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, katika mkutano wake mkuu wa Budapest mwaka 1984, lilipokea tamko la kuyakana maandiko hayo ya Luther, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani lilitoa tamko lake kwa Wayahudi mwaka 1994. Tunayo nakala za matamko hayo katika maktaba nyingi. Tunachokosa ni kuyaingiza katika kipindi cha Agano la Kale, saa ile mwanafunzi anaposimama na kusema kwamba mambo ya Kutoka 28 yalipita. Hayakupita. Yalikuwa yakivaliwa na kuvuliwa kila Sabato, kwa ustadi wa mafundi waliokiri Ungamo letu, mpaka watu wengine wa Ungamo hilo hilo walipopokea funguo za masinagogi na kuandika stakabadhi.

Yaliyosalimika yalisalimika kwa njia mbalimbali. Huko Praha makumbusho ya Kiyahudi yaliyoanzishwa mwaka 1906 yalijazwa, kuanzia 1942, vyombo vya jumuiya za Bohemia na Moravia zilizokuwa zikihamishwa kupelekwa kufa. Wataalamu wa Kiyahudi waliviandikia kadi, kimoja kimoja, chini ya usimamizi wa Wanazi, na wengi wao kisha wakauawa nao. Dola iliyatwaa makumbusho hayo mwaka 1950, na yalirudishwa kwa jumuiya ya Wayahudi mwaka 1994 tu.

Danzig walifanya uamuzi wao mapema. Mji ule kwenye Bahari ya Baltiki ulikuwa wa Waprotestanti kwa sehemu kubwa. Mwanzoni mwa 1939 jumuiya ya Wayahudi iliuza sinagogi lake kuu ili kupata nauli ya watu wake kuondoka, na jengo likabomolewa mwaka huo huo. Vyombo vya ibada, ngao na makomamanga na taji, vilipakiwa katika makasha kumi yenye uzito wa zaidi ya tani mbili, vikapelekwa katika seminari ya Kiyahudi ya New York, na kufika mwezi Julai. Viliambatana na sharti lililoandikwa: ikiwa baada ya miaka kumi na mitano patakuwa tena na Wayahudi walio huru na salama Danzig, vyombo virudishwe, la sivyo, vibaki Marekani kwa ajili ya kufundishia. Mwaka 1954 miaka hiyo ilitimia. Mji uliitwa Gdańsk, na jumuiya iliyotuma makasha haikuwapo ya kuyapokea. Vyombo vilibaki New York.